Namba Kumi na Mbili

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu kufikia sasa ina kilomita 21,000 na bado inaendelea. Imepanda Timboroa kwenye ukungu, imeshuka Kinungi nyuma ya malori, imepeleka watu harusini na matangani, na haijawahi kutoa moshi. Uongo wenyewe ni namba kumi na mbili nilizoandika kwa kalamu ya bluu kwenye kadi ya vipimo, Ijumaa moja ya Novemba 2022, katika karakana ya mashine huko Kariobangi Light.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza kama niliwahi kumkosea mtu. Injini ni nzima. Mwenyewe anafurahi. Pengine hata zile namba zilikuwa sahihi, maana hakuna aliyezipima, kwa hivyo hakuna anayeweza kusema si sahihi. Nikimwambia rafiki yangu, anacheka: "Manze, wewe unatafuta dhambi na tochi." Labda. Lakini acha kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa sababu bila kuielewa utadhani nazungumzia karatasi tu.

Nilikuwa nimeacha uhandisi chuoni mwaka wa tatu, karo imekataa. Mzee mmoja mwenye karakana alinichukua kwa sababu mbili: nilijua kusoma maikromita, na mwandiko wangu unasomeka. Aliniita Profesa, si kwa heshima. Yeye alipima, mimi nikaandika. Baadaye akaniruhusu kupima pia.

Injini nyingi zilizoletwa kwetu ni za magari unayoyajua. Probox, Fielder, Vitz, zile zenye injini ya 1NZ: bloki ni ya alumini, lakini ndani ya kila silinda kuna slivu nyembamba ya chuma, na pistoni hukimbia ndani ya hiyo chuma. Silinda ya chuma ina tabia zake na mafundi wanazijua. Unaihoni, yaani unaisugua ndani kwa mawe yanayozunguka huku yakipanda na kushuka, hadi ibaki na mistari inayopishana kama wavu. Mistari hiyo ndiyo hushika oili. (Mama yangu niliposema nashinda nikihoni magari alidhani nimekuwa makanga, kazi yangu ni kupiga honi stendi.) Mteja akija akaona wavu unang'aa, anajua kazi imefanyika, analipa.

Halafu ikaja injini ya Mwalimu.

Mwalimu ni mwalimu mstaafu. Mwanawe alikwenda kufanya kazi Ujerumani akamwachia gari, BMW 325i, na mzee akaitunza kama vile anamtunza kijana mwenyewe. Ilipoanza kula oili alihangaika kama mtu aliyeambiwa mtoto ana homa. Injini yake ni ile ya N52, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, kila moja na kipenyo cha milimita 82. Ganda la nje la bloki ni la magnesiamu, ambayo ni nyepesi sana lakini haipatani na maji, kwa hivyo ndani yake wameweka kipande cha alumini kinachobeba silinda na njia za maji. Na hapo ndipo kuna jambo: silinda zenyewe hazina slivu. Pistoni inakimbia juu ya alumini.

Alumini ya kawaida isingeweza, ni laini mno, ringi zingeichimba mapema. Hii imechanganywa na silikoni nyingi, na Wajerumani wa Kolbenschmidt waliipa jina la biashara Alusil. Ikipoa kiwandani, silikoni hujitenga ikawa punje ndogo ndogo, ngumu kuliko chuma, zimetapakaa ndani ya alumini kama changarawe kwenye zege. Kazi ya mwisho ya silinda hii ni kula alumini kidogo tu kuzunguka punje, ili vichwa vyao visimame nje. Kimo chenyewe ni kama elfu moja ya milimita, au chini ya hapo. Pistoni hupita juu ya vichwa vya punje, na oili hukaa kwenye yale mabonde katikati.

Wazo si geni. Chevrolet waliuza Vega, modeli ya 1971, ikiwa na bloki ya alumini yenye silikoni karibu asilimia 17, bila slivu, na gari hilo likaacha jina baya; likipata joto kupita kiasi silinda zilipinda. Miaka michache baadaye Porsche 928, iliyotoka 1977, ikatumia wazo hilohilo na watu wanaiheshimu hadi leo.

Sasa, fundi aliyezoea chuma akiona silinda ya aina hii haina wavu, mkono unamwasha. Anachukua mawe ya kawaida, anaipigia mistari mizuri. Mawe yanavunja punje za silikoni na kupaka alumini juu yake kama siagi. Silinda inang'aa, mteja anafurahi, na baada ya muda gari linafuka moshi wa samawati kwenye barabara kuu. Silinda iliyofanywa vizuri, kwa upande mwingine, haina mvuto. Ni kijivu, imefifia kama sufuria kuukuu. Mteja akiiona anauliza, "Hii mtaanza lini?"

Mwanawe Mwalimu alituma kutoka kule pesti ya silikoni na vipande vya sufu nzito vya kusugulia. Mzee alisugua silinda sita siku mbili, polepole, akisimama kila mara kuangalia kwa lenzi. Sijawahi kumwona akiheshimu kitu hivyo. Kisha akapigiwa simu, kuna msiba Murang'a, akaondoka. Aliniambia maneno mawili tu ya kazi: "Pima kesho asubuhi, kabla jua halijapiga mabati. Na geji ilale na bloki."

"Geji ilale na bloki" ilikuwa sheria yake. Alumini hupanuka kwa joto karibu maradufu ya chuma. Chukua silinda ya milimita 82, iongezee nyuzi 10 tu za joto, kipenyo kinakua kwa zaidi ya milimita 0.01. Kwenye karakana yetu, kikomo cha silinda kutokuwa duara kamili kilikuwa milimita 0.01. Kwa hivyo jua la saa tisa likiingia mlangoni linaweza kukupa kosa kubwa kuliko kosa unalolitafuta. Ndiyo maana Mzee alilaza bloki, maikromita na geji mezani pamoja usiku mzima, vyote vikaamka na joto moja.

Kupima kwenyewe ni kazi ya subira. Unafunga maikromita kwenye milimita 82 kamili, unaweka geji ndani yake, unazungusha uso wa saa hadi sindano isome sufuri. Halafu unaingiza geji kwenye silinda na kuichezesha mbele na nyuma. Sindano inakwenda, inafika mahali inageuka, inarudi. Pale inapogeukia ndipo kipimo kilipo. Unapima juu, karibu na ringi inapogeukia, ambako silinda huliwa zaidi. Unapima katikati. Unapima chini. Kila mahali mara mbili: kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Silinda moja, namba sita. Injini ya Mwalimu, namba 36.

Sikungoja kesho. Fundi wa kuunganisha injini alikuwa amesema anapitia saa tisa na pikapu, asipoipata Ijumaa ataipata wiki ijayo. Mwalimu alikuwa amepiga simu mara tatu tangu asubuhi. Mwanawe anakuja likizo Desemba, wanataka kwenda Kitale, na kila alipopiga alianza na "Samahani kukusumbua," ambayo ni mbaya kuliko kutukanwa. Nikaanza saa saba na nusu mchana.

Silinda ya kwanza hadi ya nne zilikuwa kivulini, zikakubali. Niliandika namba 24 na ninaweza kukutazama machoni kwa kila moja. Ya tano na ya sita zilikuwa upande wa mlango, na jua lilikuwa limefika. Ya tano ilisoma 82.011. Nikarudia pale pale, 82.016. Nikarudia tena, 82.019. Sindano ilikuwa inatembea. Nilijua kwa nini inatembea, na nilijua dawa yake: kuburuta bloki kivulini, kufunika, kusubiri hadi ipoe, kumpigia Mwalimu na kumwambia wiki ijayo.

Nilichukua kadi nikaandika namba kumi na mbili. Niliziangalia zile nne za kwanza, nikaona zinavyokwenda, nikafuata mkondo huohuo. Na hapa ndipo ninapokwama kila nikijitetea: sikunakili tu. Nilibadilisha tarakimu ya mwisho. Hapa 82.008, pale 82.010, pale 82.007, ili zisifanane mno, ili zionekane kama zimetoka kwa sindano. Mtu aliyechoka au mwenye haraka angeweka mstari, au alama ya "kama hapo juu." Mimi nilikaa kidogo kuzipamba.

Injini ikaunganishwa. Ikawaka mara ya pili. Mwalimu alikuja na bahasha ya shukrani, akaomba kadi ya vipimo abaki nayo. Hakuna mteja aliyewahi kuomba. Aliivalia miwani akaisoma yote pale pale, kidole kikishuka mstari hadi mstari kama anayesahihisha mtihani, akasema, "Wote wamepita." Akaikunja akaitia kwenye faili la kijani lenye jina la mwanawe.

Nilimwambia Mzee aliporudi. Sikusubiri, nadhani nilitaka anigombeze ili yaishe. Aliuliza kitu kimoja: injini inafanyaje? Inafanya vizuri. "Basi wacha maneno." Kisha akaongeza, akiwa ameshanigeuzia mgongo, "Lakini kadi usiandike tena." Nilirudi kuwa mtu wa kuosha vipuri kwa miezi miwili.

Nimelifikiria sana hilo jibu lake, kwa sababu lina pande mbili na yeye hakuona shida kuzishika zote. Injini ni nzima, kwa hivyo hakuna kesi. Lakini mimi si wa kuaminiwa na kalamu.

Kuna Mwingereza mmoja, William Clifford, mwanahisabati aliyefariki 1879 akiwa na miaka 33. Mwaka 1877 alichapisha insha kuhusu maadili ya kuamini, na alianza na kisa cha mwenye meli. Meli yake ni kuukuu, watu wamemwambia ikaguliwe, gharama ni kubwa. Anajibembeleza: imeshavuka bahari mara ngapi, Mungu yupo, walioitengeneza ni waaminifu. Anaamini kwa moyo wote, anapakia wahamiaji na familia zao, meli inazama, yeye anachukua pesa za bima. Kila mtu atasema ana hatia. Lakini Clifford anaigeuza: tuseme meli haikuzama. Ilifika salama, safari ile na nyingine nyingi. Je, hatia imepungua? Anasema hapana, hata chembe. Mtu yule hakuwa na haki ya kuamini alichoamini, kwa ushahidi aliokuwa nao, na namna mambo yalivyoishia haiwezi kurudi nyuma ikampa haki hiyo.

Mara ya kwanza niliposoma kile kisa nilihisi nimeshikwa. Nilipokisoma tena nikaanza kubishana nacho. Kwanza, Clifford alitaka mtu asiamini chochote, popote, bila ushahidi wa kutosha, na hayo ni maisha ya mtu asiyepanda matatu. Kila asubuhi naingia kwenye gari ambalo sijui breki zake na dereva ambaye sijaona leseni yake. Mzee mwenyewe hupitisha ukucha ndani ya silinda na kusema "hii iko sawa," na huwa iko sawa. Nimempima mara nyingi kwa siri. Ukucha wake una miaka 40 ya kukosea na kusahihishwa, ni chombo kama geji. Lakini hata yeye, baada ya ukucha, alipima. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua na anajua tayari. Akasema, "Mkono unapenda kumfurahisha mwenyewe."

Pili, na hili ndilo lililonisumbua zaidi, mimi si yule mwenye meli. Yule alijidanganya hadi akaamini. Mimi sikuamini kitu. Sikuwa na imani yoyote kuhusu silinda ya tano, nzuri wala mbaya. Kama ningesema tu kwa mdomo, "Mwalimu, nadhani ziko sawa," ningekuwa nimesema kweli: nilidhani. Kwa kazi ya mkono wa Mzee niliyoitazama siku mbili, ilikuwa dhana nzuri. Kosa langu haliko kwenye nilichodhani kuhusu injini.

Liko kwenye tarakimu tatu baada ya nukta. Mtu akiandika 82.009 anasema mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kuhusu silinda: hiki ndicho kipenyo chake. La pili ni kuhusu yeye mwenyewe: nilikuwa hapa, niliinamisha geji, nikaona sindano inageuka. Hakuna anayeliandika hilo la pili, lakini hilo ndilo analolinunua mteja, maana la kwanza hana namna ya kulihakiki. Sasa kilomita 21,000 zinaweza kunitetea kwa lile la kwanza. Pengine silinda ya tano ni 82.009 kweli kwa bahati. Kwa lile la pili hata kilomita milioni hazisaidii kitu. Sikuwa pale. Injini ikidumu hadi wajukuu wa Mwalimu waiendeshe, bado sikuwa pale.

Kwa hivyo namba inaweza kuwa kweli kuhusu chuma na ikawa uongo kuhusu mtu. Nilipofika hapo nililala vizuri siku mbili tatu, nikidhani nimemaliza.

Halafu nikakumbuka nilikojifunza kubadilisha tarakimu ya mwisho. Haikuwa Kariobangi. Kabla ya karakana, na baada yake, niliandikia wanafunzi wa nje kazi zao za chuo kupitia akaunti ya kukodi, kama wengi wetu tunaosoma hapa, tusifichane. Nimeandika ripoti za maabara ambayo sijawahi kuingia, yenye joto la maji lililopimwa kila dakika tano. Huko ndiko mtu hujifunza kwamba data ya kubuni isiwe safi mno, lazima itetereke kidogo. Tuliita hiyo ufundi. Tulifundishana kwenye vikundi vya WhatsApp. Mkono wangu ulipofika silinda ya tano haukufanya kitu kipya, ulifanya kitu ulichozoea, ila safari hii upande wa pili hakukuwa na mwanafunzi mvivu. Kulikuwa na mzee anayeanza simu na samahani.

Nimesikia pia utetezi wa upande mwingine, kwamba hapa mtaani hakuna anayelipia kupima. Ni kweli. Mteja analipia anachoona: rangi ya silva kwenye injini, gasketi mpya, mistari inayong'aa. Saa tatu za kucheza na geji hazionekani popote, na ukiziweka kwenye bili unaambiwa jirani anafanya kwa nusu ya bei. Mafundi wengi wanaobahatisha si watu wabaya, wanauza kile soko linanunua. Lakini utetezi huo haunifai mimi, kwa sababu Mwalimu alikuwa ndiye mteja wa pekee aliyetaka kipimo. Soko lilikuwa limekuja mlangoni, na miwani, na bahasha, na mimi nikaliuzia rangi.

Mwezi Juni nilienda kwake Ruiru. Nilisema nakagua magari tuliyowahi kufanya, bure, naye hakuuliza tangu lini karakana imekuwa na roho hiyo. Nilibeba geji ya kompresheni. Nilitoa plagi zote sita, nikapima silinda moja moja huku yeye akipiga stata. Zote zilikuwa kati ya pauni 148 na 153. (Ukiona ni chini ya ulichosoma mtandaoni, kumbuka tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi.) Ya tano 150, ya sita 151. Oili haipungui zaidi ya kawaida. Nilisimama pale na ile geji mkononi nikangoja kuhisi mzigo umeshuka. Kompresheni inakuambia ringi na valvu zinaziba. Haikuambii kipenyo, wala duara, wala nani alikuwa wapi Ijumaa.

Kuna hoja ya kunyamaza ambayo bado naiheshimu. Mzee wa watu ana amani na gari lake. Nikifungua mdomo, amani inatoka kwake inakuja kwangu, na kila akisikia mlio mpya barabarani atanikumbuka. Kukiri kunaweza kuwa njia nyingine ya kumtumia mtu. Nilikuwa nimeamua hivyo kabisa, nikawa nafunga vifaa.

Mwalimu akaenda ndani akarudi na faili la kijani. "Hebu niandikie na hizi za leo hapa chini, mwandiko uwe mmoja." Akanipa kalamu na ile kadi. Imekunjwa mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo, lakini namba ziko wazi. Za tano na za sita ni nadhifu kuliko zingine. Sikuwa nimeligundua hilo mwanzoni. Za kweli zimeandikwa na mtu aliyeinama, mkono mmoja kwenye geji.

Niliandika za kompresheni. Kisha nikachora mstari juu ya zile kumi na mbili.

"Hizo zina nini?"

"Sikuzipima, Mwalimu. Jua lilikuwa limeingia, sindano haikutulia. Niliziandika tu."

Alivua miwani akaipangusa kwa shati, muda mrefu. Nilitarajia aulize kama gari ni salama. Alisema, "Na hizi zingine?"

"Hizo nilizipima."

"Nitajuaje?"

Nilifungua mdomo nikakosa cha kutia ndani yake. Namba 24 nilizozipima kwa haki, nikiwa nimeinama mchana kutwa, sasa zilikuwa pale kwenye kadi pamoja na zile kumi na mbili, mwandiko mmoja, wino mmoja, na sikuwa na kitu chochote cha kuzitenga isipokuwa neno langu. Sikuwa nimewahi kuzihesabu hizo kama sehemu ya hasara.

"Huwezi kujua," nikasema.

Akarudisha miwani. Akasoma kadi tena kuanzia juu, kidole kikishuka. Mwishowe akaisukuma kwangu. "Andika hapo pembeni, hazikupimwa. Utie tarehe ya leo, si ya ile siku." Nikaandika. Akaniuliza sasa nieleze kuhusu Kitale, kwa sababu mwanawe anakuja tena Desemba. Nikamwambia kompresheni inasema nini na haisemi nini, kwamba oili haipungui, kwamba kujua zaidi ya hapo ni kuifungua injini, na kuifungua kuna gharama na hatari zake. Alisikiliza yote bila kutikisa kichwa.

"Basi tutaenda Naivasha kwanza," akasema. "Wewe utakuja. Tutaangalia oili hapa kabla ya kuondoka, na tukirudi tuangalie tena. Mimi ndiye nitakayeandika."